Utangulizi: Siku ya Kumpokea Mtoto Aliyetanguliza Makalio

Karibu, msomaji, katika tawi la elimu ya uzazi ambalo swali lake ni fupi: lini? Mama ana mimba ya miezi minane na ushei. Mtoto amekaa tumboni kichwa juu, makalio chini. Mama na daktari wamekubaliana kwamba atajifungua kwa upasuaji, na sasa imebaki tarehe. Wengi hudhani tarehe hiyo hutoka kwenye ratiba ya chumba cha upasuaji na zamu za madaktari. Kumbe imebeba mambo mazito: namna mapafu ya kichanga yanavyokomaa, namna uchungu unavyoanza, mlalo wa mtoto, hesabu ya umri wa mimba, umbali wa kutoka nyumbani hadi hospitali, na haki ya mama kuamua juu ya mwili wake. Ndiyo maana napenda kumwanzishia mwanafunzi hapa. Akiielewa tarehe hii moja, ameshika misingi ya elimu nzima ya wakati wa kuzaa.

Nimewaandikia wanafunzi wa udaktari, ukunga na uuguzi, lakini pia mama na baba walioambiwa kliniki kwamba mtoto "amekaa vibaya" wakarudi nyumbani na hofu. Hoja yangu naitoa mapema ili uipime kadiri unavyosoma: tarehe ya upasuaji wa wiki ya 39 huamuliwa kwa sehemu kubwa mwanzoni mwa mimba, siku umri wake unapopimwa. Asiyejua kwa uhakika mimba ina wiki ngapi hapangi tarehe, anabahatisha.

Tuanze na mlalo wenyewe. Mtoto kukaa kichwa juu si ajabu, wala si kosa la mama. Mimba ikiwa na wiki 28, watoto 20 hadi 25 katika kila 100 wamekaa hivyo, kwa kuwa bado wana nafasi ya kupinduka watakavyo. Wiki zikisonga nafasi hupungua na kichwa huelekea chini. Mimba ikitimia, waliobaki kichwa juu ni 3 hadi 4 tu katika kila 100. Sababu nyingine zinajulikana: mapacha, maji ya uzazi kuzidi au kupungua, kondo la nyuma kukaa chini, uvimbe ndani ya mfuko wa uzazi au umbo la mfuko lisilo la kawaida. Mara nyingi haionekani sababu yoyote.

Hata hao waliokaa kichwa juu hawafanani. Wengi hutanguliza makalio huku miguu imenyooka kuelekea usoni. Wengine wamekunja magoti kama mtu aliyekaa mkekani. Wachache hutanguliza mguu mmoja au yote miwili. Tofauti hiyo ina uzito wake. Makalio huziba njia vizuri. Mguu hauzibi, na chupa ikipasuka kamba ya kitovu inaweza kuteleza ikamtangulia mtoto, ikabanwa, na damu yake ikakatika ndani ya dakika chache. Hatari hiyo tutakutana nayo tena tutakapofika kwenye tarehe.

Mkunga mzoefu huutambua mlalo huu kwa mikono kabla ya mashine. Mama akiwa amelala chali, mkunga huweka viganja viwili juu kabisa ya mfuko wa uzazi, chini ya mbavu. Akikuta kitu kigumu cha mviringo, kinachochezacheza peke yake kikisukumwa huku mwili umetulia, hicho ni kichwa. Makalio ni laini zaidi, na yakisukumwa mwili mzima hufuata. Kisha hushuka chini, juu ya mfupa wa kinena, kuthibitisha alichokikuta juu. Akiweka fetoskopu, mapigo ya moyo huyasikia usawa wa kitovu cha mama au juu yake, si chini. Mama naye ana ushahidi wake: mateke anayasikia chini, karibu na kibofu, na kitu kigumu kinamsukuma mbavuni. Vipimo hivi vya mikono vinaitwa kwa jina la Mjerumani Christian Leopold, na bado ni elimu ya kuheshimiwa. Hata hivyo mkono hodari nao hukosea, hasa mama akiwa mnene au maji yakiwa mengi. Ikifika wiki ya 36, mashaka yoyote yamalizwe kwa altrasaundi.

Kwa nini wiki ya 36? Kwa sababu kabla ya hapo watoto wengi bado watageuka wenyewe, na baada ya hapo, kwa mama wa mimba ya kwanza, hugeuka kama 8 tu katika 100. Huo ndio wakati wa kumketisha mama na kumweleza njia tatu zilizo mbele yake: mtoto ageuzwe kwa mikono, azaliwe kwa njia ya kawaida akitanguliza makalio, au atolewe kwa upasuaji.

Kumgeuza mtoto hufanyika hospitalini, penye altrasaundi, na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Mama hupewa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi. Daktari huyanyanyua makalio kutoka kwenye nyonga, kisha humzungusha mtoto polepole kupitia ukuta wa tumbo hadi kichwa kifike chini, huku mapigo ya moyo yakiangaliwa. Hufaulu kwa nusu hivi ya akina mama, zaidi kwa waliokwisha kuzaa na kidogo kwa mimba ya kwanza. Wanaoishia kwenye upasuaji wa dharura kwa sababu ya kugeuziwa mtoto ni kama 1 katika 200. Inasikitisha kwamba wanawake wengi hupangiwa tarehe ya kisu bila hata kusikia kuwa huduma hii ipo. Nako kusuguliwa tumbo kwa nguvu nyumbani, bila kujua kondo limekaa wapi wala mtoto anaendeleaje, si jambo hilohilo. Kondo linaweza kubanduka, na mama na mtoto wakapotea.

Upasuaji wa uzazi wenyewe si mgeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1879 mmisionari Robert Felkin aliushuhudia huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mganga mwenyeji alitumia mvinyo wa ndizi kumlegeza mama na kuosha mikono yake na tumbo la mama, akamtoa mtoto, akalifunga jeraha kwa vipini vya chuma. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Huko Ujerumani, mwaka 1882, Max Sänger alionyesha faida ya kuushona mfuko wa uzazi baada ya kuupasua. Zama hizo, kwetu na Ulaya, upasuaji ulikuwa kimbilio la mwisho baada ya uchungu kushindikana, na hakuna aliyeuliza wiki. Swali la lini lilikuja pale ganzi, damu ya kuongezwa na dawa za kuua vijidudu vilipowezesha mama kupasuliwa mchana, akiwa mzima, kabla uchungu haujaanza. Tulipopata uwezo wa kuchagua siku, tukapata na wajibu wa kuichagua vizuri.

Kabla ya lini, hata hivyo, kuna kama. Utafiti uliotikisa dunia katika jambo hili ulichapishwa Oktoba 2000 katika jarida la The Lancet. Mary Hannah wa Toronto, Kanada, na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 2,088 katika hospitali 121 za nchi 26: nusu wapangiwe upasuaji, nusu wapangiwe njia ya kawaida. Watoto waliofariki au kuumia vibaya walikuwa asilimia 1.6 upande wa upasuaji na asilimia 5.0 upande wa pili. Nchini Uholanzi, ndani ya miezi miwili tu, upasuaji kwa watoto waliotanguliza makalio ulipanda kutoka kama asilimia 50 hadi 80. Ni nadra makala moja kubadili mikono ya madaktari kwa kasi hiyo.

Lakini utafiti ule usomwe hadi mwisho. Katika nchi zenye vifo vichache vya watoto wachanga, faida ya upasuaji ilikuwa kubwa mno: asilimia 0.4 dhidi ya 5.7. Katika nchi zenye vifo vingi, pengo lilikuwa dogo: 2.9 dhidi ya 4.4. Sehemu ya watoto hao ilipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, makundi mawili hayakuachana kwa vifo wala kwa kuchelewa kwa ukuaji wa akili na mwili. Mwaka 2006 utafiti wa PREMODA, uliofuatilia wanawake zaidi ya 8,000 Ufaransa na Ubelgiji, haukukuta tofauti ya maana pale akina mama walipochaguliwa kwa uangalifu na wahudumu walipokuwa na ujuzi. Mwongozo wa Uingereza wa 2017, uliotolewa na chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi, unataja vifo 0.5 vya watoto kwa kila 1,000 upasuaji ukipangwa baada ya wiki 39, na 2 kwa kila 1,000 njia ya kawaida ikipangwa. Kwa mtoto aliyetanguliza kichwa ni 1.

Namba hizo tuzipime kwa mizani ya kwetu. Kwa takwimu za 2022, mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, na wa Kenya 3.4. Kwa hiyo kovu la leo litakutana na mimba nyingine, pengine tatu. Kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu, na kondo la mimba ijayo linaweza kujishikiza juu yake likakataa kutoka. Isitoshe, utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta mama 5 hivi katika kila 1,000 wanafariki baada ya upasuaji wa uzazi, mara 50 kuliko katika nchi tajiri. Hivyo kumpangia mama upasuaji si jambo la kugonga muhuri tu. Ni uamuzi wake, na anahitaji kuambiwa faida ya mtoto wa leo pamoja na gharama ya mimba za kesho.

Tuseme ameelezwa yote, ameuliza maswali yake, na amechagua upasuaji. Sasa lini?

Jibu linaanzia mapafuni. Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake yamejaa maji yanayotengenezwa na mapafu yenyewe, nayo huyasaidia kukua. Uchungu ukianza, homoni za mtoto, ikiwemo adrenalini, huyafanya mapafu yaache kutoa maji na kuanza kuyafyonza. Mtoto anayetolewa kabla ya uchungu hapati maandalizi hayo. Mtazame kwa karibu nusu saa baada ya kuzaliwa: anapumua harakaharaka, matundu ya pua yanatanuka, ngozi kati ya mbavu inazama, na kila akitoa pumzi anagumia. Wengi hupona baada ya siku mbili tatu kwa msaada wa oksijeni. Ila oksijeni hiyo inataka mtambo unaofanya kazi, umeme usiokatika na nesi aliye macho saa nane ya usiku.

Kadiri upasuaji unavyowahishwa, ndivyo tatizo hili linavyoongezeka. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2008, wenye watoto zaidi ya 34,000, ulilinganisha upasuaji wa kupangwa na uzazi uliokusudiwa kuwa wa kawaida. Shida za kupumua zilikuwa karibu mara nne katika wiki ya 37, mara tatu katika wiki ya 38 na mara mbili katika wiki ya 39. Mwaka uliofuata, utafiti wa Marekani wenye upasuaji wa kupangwa zaidi ya 13,000 ulitazama vifo na matatizo kama ya kupumua, sukari kushuka, maambukizi na kulazwa katika uangalizi maalumu. Yaliwapata asilimia 15.3 ya waliozaliwa wiki ya 37, asilimia 11.0 ya wiki ya 38 na asilimia 8.0 ya wiki ya 39. Akina mama wa Marekani walikuwa wanarudia upasuaji kwa sababu ya kovu, si kwa mlalo wa mtoto. Hata hivyo somo linahusu, kwa sababu mapafu hukomaa kwa wiki, bila kujali sababu ya kisu.

Basi kwa nini tusingoje wiki ya 41? Subira yavuta heri, ila subira hii ina mpaka. Hata tarehe ikiwekwa wiki ya 39, mama kama mmoja kati ya kumi ataanza uchungu kabla ya siku hiyo. Ukiisogeza mbele, idadi hiyo huongezeka: chupa zinapasukia nyumbani, kamba za kitovu zinatangulia, na upasuaji uliopangwa kufanyika asubuhi unakuwa wa dharura usiku wa manane. Mizani ya pande hizo mbili hukutana hapo wiki 39 zikishatimia. Kwa mama mwenye afya, mimba ya mtoto mmoja anayekua vizuri, hilo ndilo jibu la elimu tuliyonayo.

Sasa turudi kwenye hoja niliyoitoa mwanzo: wiki 39 kwa hesabu ipi? Hesabu ya kawaida ni ya Mjerumani Franz Naegele: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Mama aliyeona hedhi tarehe 4 Juni 2025 hukadiriwa kujifungua tarehe 11 Machi 2026, siku 280 baadaye. Wiki 39 zinatimia tarehe 4 Machi, na hapo upasuaji unaweza kupangwa. Hesabu ni safi kwenye karatasi. Lakini tuseme mama huyu alikuwa ameacha sindano ya uzazi wa mpango karibuni na hedhi yake ilikuwa inarukaruka, au alikuwa bado ananyonyesha, na tarehe aliyoitaja ilikuwa ya kukisia. Tuseme mimba ni changa kwa siku 12 kuliko ilivyoandikwa. Tarehe 4 Machi tutadhani tunampokea mtoto wa wiki 39, kumbe ana wiki 37 na siku 2. Daktari hakukosea kukata, nesi hakukosea kuandaa vifaa, ila mtoto anaingia kwenye oksijeni.

Altrasaundi ya kabla ya wiki ya 14 hukadiria umri wa mimba kwa tofauti ya siku 5 hadi 7 hivi, kwa sababu watoto wa umri huo hulingana sana kwa urefu. Ikifanywa katika miezi mitatu ya mwisho, tofauti inaweza kufika wiki tatu, maana wakati huo watoto wanatofautiana ukubwa kama watu wengine wote. Ndiyo sababu altrasaundi ya mwezi wa nane haiwezi kusahihisha kadi iliyokosewa mwezi wa pili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe kwa altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, na kupata tarehe sahihi ni miongoni mwa sababu za pendekezo hilo. Mama aliyechelewa kuanza kliniki asilaumiwe. Ahesabiwe kwa uangalifu kwa kila kilichopo, na daktari aseme wazi kwamba tarehe yake ina mashaka. Pale mashaka ni makubwa na mama na mtoto ni wazima, kungoja dalili za uchungu karibu na hospitali kunaweza kuwa salama kuliko kukata mapema.

Zipo hali zinazovunja kanuni. Kifafa cha mimba kikinyemelea, mtoto akiacha kukua, chupa ikipasuka au damu ikitoka, hatuulizi tena wiki ya 39. Tunauliza hatari iko wapi zaidi, ndani au nje ya tumbo. Mapacha nao wana ratiba yao ya mapema. Na lipo swali la umbali. Mama anayeishi saa tano kutoka hospitalini, mtoto akiwa ametanguliza mguu, hushawishi daktari amkate wiki ya 37 ili "asitupotee". Nia ni njema, lakini dawa ya umbali ni kumsogeza mama: alale kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito au kwa ndugu aliye karibu na hospitali, ajue dalili za kumfanya aje mara moja, na mapafu ya mtoto yapewe wiki zake.

Asubuhi ya upasuaji, jambo moja lisirukwe. Mlalo upimwe upya kwa altrasaundi kabla ya sindano ya ganzi, maana wapo watoto wanaogeuka siku za mwisho, na mama wa namna hiyo anaweza kurudi nyumbani bila kovu. Mtoto akishatoka, nyonga zake zichunguzwe, na palipo na uwezo zipigwe altrasaundi akiwa na wiki 6 hivi, kwa kuwa waliokaa hivi tumboni huteguka nyonga zaidi ya wengine. Na mama akifika uchungu ukiwa umekomaa, makalio yakionekana tayari, kukimbilia kisu si lazima kuwe ndiyo usalama. Hapo anahitajika mkunga anayejua kutulia, kutovuta, na kusaidia mabega na kichwa kwa utaratibu. Ujuzi huo ukifa vyuoni, hakuna tarehe itakayowaokoa watoto wanaokuja kabla ya tarehe.

Hiyo ndiyo elimu ninayokukaribisha. Ukiwa mwanafunzi, jifunze kupapasa tumbo vizuri, jifunze kuzalisha mtoto aliyetanguliza makalio, na usiandike umri wa mimba kwenye kadi bila kuandika umeupataje. Ukiwa na madaraka katika wilaya, peleka altrasaundi na mtu wa kuisoma kwenye kituo ambacho mama huanzia kliniki, usiiache hospitali ya mkoa pekee. Na wewe mama, anza kliniki mara tu unapojua una mimba, itunze kadi yako, na ukiambiwa mtoto ametanguliza makalio, uliza maswali matatu: mimba yangu ina wiki ngapi na mmejuaje, je, mtoto anaweza kugeuzwa, na kwa nini mmechagua siku hiyo? Una haki ya kujibiwa yote matatu kabla ya kutia saini.